Yule Anayevaa Sura Yako

Mpima hakuwa mtu wa kumaliza sentensi, hata siku aliyokwenda kuposa. "Nimekuja kwa ajili..." alisema mbele ya wazee, akakwama. Binti aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia akadakia, "Yangu!" Wazee walicheka hadi wakafuta machozi, na posa ikapita palepale.

Tangu hapo kazi ikawa hiyo: mume anaanza, mke anamalizia. Mume alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupigilia vigingi porini, na ni pori hilo lililomfanya anunue bunduki ya mitutu miwili kwa ajili ya fisi, kwa kibali halali. Mke alishona mapazia sebuleni, watu wakamwita Mama Pazia. Mpima alipostaafu, bunduki nayo ikastaafu, ikalala ndani ya sanduku la chuma chumbani. Ufunguo aliuvaa shingoni, hata akioga.

Alasiri moja alikuja akasimama nyuma ya cherehani, akamwinamia mkewe sikioni.

"Mwenzangu, amekuja tena leo."

"Nani?"

"Yule anayevaa sura yako. Amekaa hapahapa asubuhi nzima, anashona. Anashona vizuri, sina ubaya naye hapo. Hata kukohoa anakohoa kama wewe."

Mama Pazia aliondoa mguu kwenye kanyagio. Asubuhi nzima aliyekuwa amekaa pale ni yeye.

"Umejuaje kama si mimi?"

"Nilianza kusema, nikamwachia mkia wa maneno. Hakuushika. Ananitazama tu, midomo ameibana." Akampapasa bega kwa upole. "Usiogope. Akirudia nitammaliza. Bunduki ninayo, na kibali..."

"Unacho," akamalizia mkewe haraka.

Ndipo alipokumbuka. Asubuhi ile alikuwa ameshikilia pini kwa midomo, kama mshonaji yeyote anavyofanya akipinda upindo mrefu. Tangu siku hiyo pini alizichomeka kwenye mkono wa gauni. Akawa anashona masikio yakiwa chumbani, anasubiri maneno yaliyokatika ili ayakimbilie kabla hayajapoa. Akipika, anasikiliza. Akiwa bafuni, anamalizia kwa kupiga kelele, sabuni machoni. Aliogopa, tena aliogopa sana, na aliyemwogopa ndiye aliyemfunika shuka kila alipopitiwa na usingizi kwenye kiti.

Alimpeleka kwa daktari wa akili. Na hapo alifanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Daktari aliuliza leo ni siku gani. Mpima akasema, "Leo ni..." na mke, mdomo ukimtangulia, akasema, "Jumanne." Akaulizwa amekula nini, akaanza, mke akamalizia. Miaka yote ya kumsitiri mumewe ilimtoka ulimini kabla hajaizuia. Daktari akacheka, akasema mzee hana neno, uzee tu, na ana bahati ya mke. Mficha uchi hazai. Mama Pazia alitoka pale akijiuma kidole.

Akaenda polisi, kwa msajili wa silaha.

"Mama yangu," msajili alisema, "karatasi zake safi, daktari kasema mzima, na hajamgusa mtu. Nikianza kunyang'anya bunduki kwa maneno ya wake za watu, kesho foleni itafika barabarani."

"Kwa hiyo mnangoja mpaka aniguse?"

"Sheria ndivyo ilivyo. Ila atakuja kuhuisha kibali. Hapo huwa tunamhoji mwenyewe, ajibu kwa mdomo wake."

Shemeji yake, mdogo wa Mpima, aliposikia alikuja amefura.

"Mnataka kumvua kaka uanaume wake. Mtu akitaka kudhuru, hata kisu cha jikoni kinatosha. Mtasajili na visu?"

"Kisu nitakikimbia, shemeji," alisema Mama Pazia.

Siku ya kuhuisha kibali ilifika. Bunduki ililazwa mezani kwa msajili, imefutwa mafuta, inang'aa. Mama Pazia alikaa kando ya mumewe na kujiapiza kwamba leo atanyamaza.

"Silaha unaihifadhi wapi, mzee?"

"Kwenye sanduku la chuma, na ufunguo..."

Mpima akangoja. Mkewe aliubana ulimi kwa meno. Feni ilizunguka juu yao. Polepole yule mzee akageuza shingo, akamtazama, kisha akamalizia mwenyewe, "...uko shingoni."

"Vizuri. Na nyumbani unaishi na nani?"

"Naishi na mke wangu, na..."

Huu ulikuwa utani wao wa siku zote. Mbele ya wageni, mbele ya makarani wa sensa, yeye husema "na", mke hudakia "na mdomo wake!" na watu wakacheka. Maneno yalimjia Mama Pazia hadi kwenye fizi. Angeyasema, mumewe angetabasamu, muhuri ungegongwa, na wangerudi nyumbani watatu: yeye, mume na bunduki. Akanyamaza. Machozi yalimtoka lakini alinyamaza.

Mpima alimkagua uso mzima, kuanzia paji hadi kidevu, kama anavyokagua kigingi kilichohamishwa. Halafu akamwinamia msajili.

"Afande, huyu mwanamke niliyekuja naye si mke wangu."

"Ni nani?"

"Sijui. Anavaa sura yake tu. Yuko nyumbani kwangu muda sasa."

"Na umemfanya nini?"

"Bado," alisema Mpima kwa adabu. "Nilikuwa nangoja kibali kihuishwe kwanza. Mimi ni mtu wa sheria."

Msajili aliivuta bunduki upande wake taratibu, akaifungia kabatini. Kisha akaomba ufunguo wa sanduku, akaandika karatasi ya kumrudisha mzee hospitali kesho yake, na safari hii, alisema, mama akae nje.

Walirudi kwa miguu. Mpima alitembea hatua kadhaa pembeni, kama mtu aliyekutana njiani na asiyemjua. Mama Pazia alijaribu kumchokoza aongee, angalau aanze neno moja alidake. Hakuanza lolote.

Mlangoni alimtangulia, akafungua, akasogea apite.

"Karibu ndani, mama, ukae. Mke wangu ametoka kidogo, lakini hakawii, atarudi sasa hivi."

Aliisema yote mwenyewe, mpaka mwisho. Mama Pazia aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni.