Mtoto wa Kwenye Kanda

Lori lilikuwa limeshatoka getini na kanda zote za maktaba tulipofika mimi na mama. Mama akaketi kwenye ngazi avute pumzi.

"Miaka yote unazurura, leo ndiyo umejifunza kutembea polepole," akaniambia.

Alikuja kumsikiliza mdogo wangu. Zamani, kabla sijaanza kutangatanga, watu wa maktaba walimrekodi mama akiimba, mtoto mgongoni. Mtoto akalia katikati ya wimbo. Hakufikisha mwaka. Picha hana, na kaburi lake lilipitiwa na barabara. Kimebaki kile kilio.

Chumbani tulimkuta yule mwenye kazi ya kuorodhesha kanda, wanamwita Masikio, hedifoni shingoni kama mkufu.

"Shikamoo mama. Usihofu, zilizoondoka ni kanda tu. Sauti zimo humu," akagonga kompyuta. "Yako ilikuwa imeoza, inabanduka unga. Ilikuwa ya kupita kwenye mashine mara moja tu, unga wote uishe. Ikapita. Na nimeisafisha, utadhani umeimba jana."

Akaiwasha. Ikatoka sauti ya mama, ya kisichana. Mama akacheka. "Huyu naye alikuwa na mapafu." Kisha akanishika mkono, maana pale mahali palikaribia.

Wimbo ukakatika. Kimya. Halafu mama wa kwenye kanda akasema, "Nyamaza, baba. Nyamaza, mama nipo." Kimya tena. Wimbo ukaendelea.

"Mtoto yuko wapi?" mama akauliza.

Masikio akavua hedifoni. "Kelele za nyuma huwa tunaziondoa, mama."

"Na ile ya kabla ya kusafisha?" nikauliza mimi.

"Nafasi ilikuwa finyu. Niliifuta."

Mama hakulia. Alinyoosha khanga yake magotini. "Basi andika kwamba alikuwepo."

Masikio akaandika kwenye maelezo ya ule wimbo: hapa mtoto analia, hasikiki. Mama akamtajia jina la mtoto. Akaliandika nalo, akamsomea mara mbili.

Lori lilifika salama ghalani. Kanda ya mama imo kwenye boksi, plastiki tupu. Masikio aliacha kazi ile, sasa anatengeneza redio. Kile chumba ni stoo ya viti. Mama alifariki mwaka uliofuata, nikamzika, nikaondoka tena. Wimbo upo maktaba, ukiomba wanakuwekea.