Po ya Hypo

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, lakini wateja walimwita Kamusi. Alifeli Kiingereza kidato cha nne, na akiwa na miaka thelathini na minane akajiandikisha kurudia mtihani. Ukutani, juu ya cherehani, alibandika vipande vya karatasi ya kukatia mitindo, kila kipande na ukoo wake wa maneno. Alisema maneno ya Kiingereza yana koo kama watu, ukizijua herufi za babu wajukuu hawakusumbui. Kulikuwa na ukoo wa kn: knee, goti, knife, kisu, knot, fundo.

"Hii k haitamkwi," aliniambia. "Imekaa tu mlangoni kama mume asiye na kazi."

"Nimesikia," shemeji akaitikia kutoka upande wa pili wa ubao uliogawa kibanda chao, alikokuwa akitengeneza redio.

"Si ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Ukoo wa hyp ulikuwa na kadi yake peke yake, kando ya dirisha, kwa sababu dada alikuwa na kisukari. Aliandika: Hypo, jasho, kutetemeka, kuropoka. Hyper, kiu, kukojoa mara kwa mara, uchovu. Mengine alinieleza kwa mdomo tu: moja ni sukari kushuka mno mwilini, nyingine ni sukari kupanda mno. Ya kwanza inataka sukari mdomoni haraka, ya pili inataka sindano ya insulini ya kuishusha. Ukikosea, unamaliza mtu.

"Mbona hujaandika cha kufanya?" nilimuuliza.

"Dawa imo ndani ya neno lenyewe, mdogo wangu. Ukijua maana, umejua cha kufanya." Akanipa na hila ya kukumbuka: po ya hypo ni mwanzo wa neno fulani la Kiswahili. Nilicheka, nikamwambia sitasahau.

Jumanne moja nilikuwa kibandani nikimsaidia kushona vifungo. Ilikuwa saa tano asubuhi na mwenye gauni alishapiga simu mara tatu. Cherehani ikanyamaza. Sikuinua kichwa mpaka niliposikia mkasi ukianguka. Dada alikuwa ameloa jasho hadi kwenye kola, vidole vinatetemeka juu ya kitambaa.

"Mama," akaniita, "funga mlango, mbuzi wataingia."

Hatujawahi kufuga mbuzi. Mama yetu alikuwa amefariki miaka tisa nyuma.

Nilipiga yowe. Shemeji akaruka ubao, akamshika mabega. Niliangalia kadi: jasho, kutetemeka, kuropoka. Hypo. Hiyo niliiona wazi. Lakini hypo ndiyo ipi? Po ya nini? Po ya poromoka, au po ya pomoni, kujaa pomoni? Yote mawili yalinijia kwa sauti ya dada.

"Sukari imempanda," shemeji akasema. Alikuwa ameshachukua pakiti ya sindano na kichupa cha insulini kwenye kikapu cha dada.

"Au imeshuka, shemeji. Labda tumpe sukari."

"Sukari? Mtu ana ugonjwa wa sukari, wewe unataka kumwongezea sukari? Una akili timamu?"

Nilimpigia muuguzi wa kliniki. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Macho ya dada yalikuwa wazi lakini hayatuoni.

"Mpandishe mkono wa blauzi," shemeji akasema.

Nikaupandisha. Lazima niliandike hilo. Niliukunja vizuri kabisa, mikunjo mitatu, kama ninavyokunja nguo za wateja.

Akanipa pakiti niichane, maana yeye alishika kichupa. Juu ya pakiti pameandikwa hypodermic. Nililisoma herufi kwa herufi. Derm nilikuwa naijua, niliisoma kwenye biolojia: ni ngozi. Na sindano hii inaingia wapi? Chini ya ngozi. Basi hypo ni chini.

"Ni chini!" nikasema. "Hypo ni chini, sukari imeshuka! Weka hicho kichupa!"

"Una hakika?"

"Kiweke, shemeji!"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na neno moja tu la kwenye pakiti. Nilikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, nikamlaza kifuani pangu, nikamnywesha kidogo kidogo, namwambia meza, dada, meza. Nyingine ilimwagika. Shemeji alisimama na kichupa mkononi, ananitazama kama mtu anayemtazama mwizi. Kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa namuua dada yangu kwa kijiko, na mumewe ndiye shahidi.

Zilipita kama dakika ishirini, au tano, sijui. Kisha dada akapangusa mdomo.

"Nani kamwaga sukari kwenye gauni la watu?"

Kumbe alijichoma sindano alfajiri, halafu kwa haraka ya lile gauni hakula kitu. Nilipomweleza habari ya pomoni alicheka mpaka akakohoa. "Poromoka, wewe! Pomoni umeitoa wapi?" Shemeji hakucheka. Alitoka nyuma ya kibanda, tukamsikia akitapika.

Dada aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Figo ndizo zilizomwondoa, hospitalini. Mtihani aliufanya, na Kiingereza alipata C.

Juzi shemeji alikuja kwangu. Nilimwekea chai, akaisukuma kando.

"Shemeji," akasema, "ile siku nilikuwa namuua."

"Kichupa ulishika wewe," nikamjibu, "lakini mkono wa blauzi niliupandisha mimi. Tulikuwa wawili."

Akatikisa kichwa polepole, akanywa chai yake, akaniuliza kama redio yangu bado inakoroma.