Mashine ya Kushoto

Mimi sijui kutulia. Asubuhi ile ya kikao cha kamati ya maktaba nilikuwa nakizunguka chumba cha kompyuta ninachokisimamia kama mtu aliyepoteza funguo: nanyoosha kiti, nafuta kioo nilichokwisha kukifuta, nachungulia mlangoni, narudi. Kila kitu kilikuwa tayari, na hilo ndilo lililozidi kunitia wasiwasi.

Kompyuta zetu ni za zamani, na wenye mfumo endeshi uliokuwa ndani yake, programu mama inayoziendesha, walishatangaza kwamba hawatautengeneza tena. Mfumo usiotengenezwa ni sawa na nyumba isiyo na mlango, kila kirusi kinaingia kinapotaka. Kamati ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua mashine mpya kwa shemeji yangu, mume wa dada, ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Ya pili ni kusikiliza ninayoyasema mimi mpaka watu wananikimbia kwenye korido: tuweke mfumo huria, usiolipiwa, na kompyuta hizihizi ziendelee kuchapa kazi. Fedha zilitosha mashine mpya chache tu. Zikinunuliwa hizo zitasogezwa kwenye kona karibu na magazeti, na chumba kitageuzwa stoo. Chumba hicho ndicho pekee mtaani ambamo mtu anakaa mbele ya kompyuta bila kuulizwa ataondoka lini. Nilikuwa nakipenda, na sikutaka kife.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameshanionya kwamba safari hii hataki mahubiri. Kikao kilichopita nilihubiri mpaka mhasibu akasinzia. Kwa hiyo niliandaa mashindano ya haki. Nilichukua kompyuta mbili za aina moja, umri mmoja, kumbukumbu sawa. Ya kushoto ilikuwa na mfumo wa kulipia, huohuo wetu wa zamani, ya kulia mfumo huria, na alama zote za kampuni nilizifunika kwa karatasi ili mtu asipende jina. Kazi ilikuwa ileile pande zote mbili: kuwasha, kufungua waraka, kuingia kwenye intaneti, kuchapisha ukurasa. Nilijiona mwadilifu kweli.

Kamati iliingia, na shemeji akaingia nyuma yao na tabasamu lake la dukani. Nikaziwasha zote mbili kwa pamoja. Ya kulia ikafunguka upesi, ikamngoja mwenzake. Ya kushoto ikajikokota, ikawaza, ikaonyesha matangazo ya programu ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia, ndipo ikafunguka. Mwenyekiti akabonyeza huku na kule, akainua nyusi. Mhasibu, mtu ambaye hata kicheko chake kina bajeti, alisema kwamba kwa upande wake haoni sababu ya kujadili zaidi, tupige kura tukale.

Hapo ndipo nilipotazama vizuri kioo cha kushoto. Nyuma ya faili zilizojazana kulikuwa na picha ya harusi ya watu nisiowajua, iliyowekwa na msomaji fulani zamani. Ya kulia nilikuwa nimeifuta na kuipanga upya jana yake. Ya kushoto nilikuwa nimeichukua tu ilivyo, na uchafu wa kila mtu aliyewahi kuikalia.

Nilizunguka kiti, nikashika waya, nikauachia. Hakuna aliyekuwa ameona. Mwenyekiti alishaanza kuuliza nani anaunga mkono.

"Naomba msipige kura," nilisema. "Nimewadanganya."

Wakanigeukia wote. Nikawaeleza, na nikawaambia ni sawa na kumshindanisha mtu aliyelala vizuri na mtu aliyekesha, halafu ukasema huyu wa pili ni mvivu. Mhasibu akashusha pumzi ya mtu mwenye njaa. Mwenyekiti aliuliza kama nina hakika, nami nikajibu kwa ukali ambao hakustahili kwamba mashindano ya namna hiyo siyataki hata nikishinda. Akanipa muda mpaka watakaporudi kutoka kula.

Shemeji hakwenda kula. Alibaki dirishani, nami nikadhani ananilinda nisichakachue. Nilipogundua kwamba sina nakala safi ya mfumo wa kulipia, akachomoa flashi mfukoni, akaniwekea mezani. Nilishukuru kwa shingo upande, nikaifuta ya kushoto, nikaipanga upya huku nikizunguka meza hadi akaniomba nimhurumie macho yake.

Waliporudi, ya kushoto ilikwenda kasi kama mpya. Nusura nilie. Iliwaka sambamba na ya kulia, na waraka ikaufungua mapema zaidi. Kisha mhasibu akafungua majedwali yake kwenye ya kulia, na safu zikasogea, tarakimu zikahamia zisikotakiwa. Nilisema mwenyewe kabla hajasema: ndiyo, hapa mfumo huria unashindwa, na sina dawa yake leo. Nikamalizia kwa lililobaki: ya kushoto ina mbio leo, lakini hakuna atakayeziba matundu yake tena. Ya kulia itaendelea kuzibwa, na hatutamwomba mtu ruhusa.

Mwenyekiti akamgeukia shemeji.

"Toleo jipya la mfumo wenu, litaingia kwenye mashine hizi?"

"Haliingii," alisema shemeji. "Hizi haziliwezi."

Alijibu bila kupepesa, na mkono wa kwanza kunyanyuka kwenye kura ulikuwa wa mhasibu. Waliamua kompyuta zote ziwekwe mfumo huria, isipokuwa moja ya majedwali, itakayobaki na mfumo wa zamani na kukatwa intaneti. Chumba kikabaki chumba. Mwenyekiti alinishika bega wakati wa kutoka.

"Asubuhi nilitaka kukubali ili upumzike," alisema. "Sasa nimekubali kwa kuwa nimeelewa."

Nilibaki nakusanya nyaya, furaha yangu haijui ikae wapi. Shemeji akaja kunisaidia, akasema polepole kwamba hakudhani ningesema. Ilinichukua muda kuelewa.

"Uliona kwamba ya kushoto ilikuwa chafu?"

"Ilipowaka tu. Hizi ndizo naziuza, shemeji. Ningeachaje kuona?"

"Na ukanyamaza."

"Hiki chumba unakihitaji kuliko mimi ninavyohitaji oda moja."

Hasira ilinipanda. Miaka yote nimemhesabu kuwa mtu wa upande wa pili, mpaka kwenye meza ya dada nakwepa kukaa karibu naye. Kumbe alikuwa tayari kupoteza biashara yake kimyakimya, nami nisijue, niende nikajisifu mtaa mzima kwa ushindi wa kupewa.

"Usinifanyie hivyo tena," nilimwambia.

"Sijakufanyia kitu. Kura ya asubuhi ningekupa mimi. Hii umeichukua mwenyewe."

Aliuliza ni ipi itakayokwenda kwa mhasibu, nikamwonyesha ya kushoto, tukaibeba pamoja.