Maneno ya Wasiopata Usingizi

Jua la mchana likikolea, kiwanda cha magodoro kilisinzia pamoja na watu wake. Sufi ilielea hewani, ikatua kwenye nywele, kwenye kope, hadi ndani ya vikombe vya chai. Mteja hakuna. Baba alikuwa amejinyoosha juu ya godoro ambalo hajalishona mdomo, sindano yake ndefu ameichomeka kwenye kola kama kawaida yake. Kando yake, juu ya godoro jingine, alilala bintiye wa mwisho, kitindamimba ambaye watu wote walimwita Kitinda hadi jina lake halisi likasahaulika. Kompyuta ilikuwa juu ya tumbo lake, na roho ilikuwa mkononi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nyumba ile, kiwanda chini na vyumba viwili juu, ilikuwa mali ya Kaka, mtoto wa kwanza. Kaka alikuwa ametamka kwamba kiwanda kisipojilisha chenyewe kufikia mwisho wa mwezi kitafungwa, chumba kipangishwe duka la dawa, na Baba ahamie kwake akapumzike. Alilisema kwa upole, tena kwa mapenzi, na hapo ndipo lilipouma zaidi. Ampumzishe mzee yule? Mzee ambaye hata msibani kwa mkewe, mwaka uliopita, vidole vyake vilikuwa vinashona hewa? Kitinda alijua kabisa kwamba Baba akinyang'anywa sindano hataishi siku nyingi. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyesomea matangazo ya mtandaoni, mzigo wote ukamwangukia.

Ukielezwa, kazi hiyo ni rahisi kama kunywa maji. Unachagua maneno. Mtu popote alipo akiyaandika kwenye simu akitafuta kitu, tangazo lako linamtokea juu kabisa. Asipolibonyeza, hulipi. Akilibonyeza, unalipa, anunue asinunue. Neno linalogombewa na wengi bei yake haishikiki. Kumbe ugumu wote uko kwenye kuchagua, na hapo ndipo Kitinda alipoingia choo cha kiume. Alichagua "magodoro". Akachagua na "magodoro bora". Wakubwa wenye maduka ya ghorofa walikuwa wanayapigania maneno hayohayo, na kila siku, hata jua halijapanda vizuri, bajeti ilikuwa imekwisha na mlangoni hajasimama mtu hata wa kuuliza njia.

Asubuhi moja aliposhuka ngazi akamkuta Baba na simu, anaandika "magodoro bora", analibonyeza tangazo lao, anatoka, anarudia. Kumbe ndiyo desturi yake ya kila siku, kama mtu anayefungua milango ya duka. Tena alikuwa amewaagiza kinyozi na fundi saa wa jirani nao wabonyeze, ili tangazo lisijione pweke. Kitinda alimweleza taratibu kwamba kila wanapobonyeza, wanajitoza wenyewe. Mzee akaiweka simu kifudifudi juu ya rafu. Kwa aibu akasema alidhani analisukuma liende mbele.

Ndiyo maana mchana huu walikuwa wamelala chali wawili, Kitinda ameshayafuta maneno yote ya bei mbaya na kichwani hana mengine. Akamwuliza Baba watu wanasema nini wakifika pale. Baba, macho ameyafumba, akasema hawasemi godoro. Mtu aingie kiwanda cha magodoro aseme godoro, ana wazimu? Wanashika kiuno. Wanasema naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wanasema mume wangu akigeuka, na mimi naviringika.

Kitinda akawa anaandika. Sauti ya mzee ilizidi kuzama, maneno yakawa yanatoka moja moja, na kila moja lilipotoka lilielea na sufi, likazunguka kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kutua. Naye Kitinda usingizi ukamchukua nusunusu, vidole vikiwa bado juu ya vitufe. Aliwaona watu wengi, mitaa kwa mitaa, kila mmoja kitandani kwake na simu usoni, wakiinong'oneza yale wasiyoweza kumwambia ndugu. Alipita kati yao bila kukanyaga chini. Akainama, akasikiliza, akaandika. Hakuna aliyeshtuka kumwona.

Halafu Baba, kutoka ndani kabisa ya usingizi, akasema jambo ambalo akiwa macho asingelisema. "Kitanda kikubwa. Nalala peke yangu."

Kitinda akazinduka. Baba alikuwa anakoroma. Moyo wa binti ukapasuka, maana yeye ndiye aliyetandika kitanda kile kila asubuhi na alijua upande mmoja haujawahi kukunjwa shuka tangu mama aondoke. Aliona haya kulifanyia biashara neno kama lile. Hata hivyo aliliandika, akatazama bei yake. Ilikuwa karibu na bure. Hakuna duka la ghorofa lililokuwa na haja nalo.

Siku zilizofuata akawa kama mpishi wa mchuzi, anaonja na kuongeza na kumwaga. "Mtoto analowesha godoro" lilileta watu waliotaka dawa, akalitoa. "Mgongo unauma asubuhi" lilileta madereva, na wawili wakanunua. Lakini lile la kitanda kikubwa lilimshinda. Watu walilibonyeza, wengi tu, wakasoma, wakaondoka kimya. Kwa hesabu ya kazi yake, neno la namna hiyo hulifugi, unalikata.

Alilala tena juu ya sufi kulifikiria, na mkono ulikuwa umeshafika penye kufuta alipojiuliza watu hawa wanataka nini hasa. Aliyebaki peke yake kwenye godoro la wawili hataki godoro jipya. Lile alilonalo limemzidi. Akalibadilisha tangazo: *Tunapunguza godoro la wawili liwe la mmoja.*

Baba aliposomewa, akakataa katakata. Maisha yake yote hajawahi kupasua godoro la wawili, na walioleta aliwarudisha. Aliwaambia nyuzi zile amezishona kwa ajili ya watu wawili na yeye si wa kuwatenganisha. Kitinda hakubishana naye. Alimkumbusha tu mwisho wa mwezi na duka la dawa. Mzee alitazama mikono yake muda mrefu, kisha akamwambia aliache tangazo kama lilivyo.

Wakaja. Mikokoteni ilisimama mlangoni, magodoro yakaegemezwa ukutani moja nyuma ya jingine, na wenyewe wakaahidi kulipa wakija kuchukua. Lakini Baba hakukata. Leo mkasi butu, kesho uzi mbaya, keshokutwa hewa ina unyevu. Kitinda alikuwa anakufa kidogo kidogo kila akiyapita magodoro yale.

Siku ya mwisho ya mwezi, kabla Kaka hajafika, akaingia mama mmoja wa makamo, mjane, kuulizia godoro lake. Alilikuta ukutani, likiwa zima bado. Hakugomba. Alisema alipoliona tangazo alidhani limeandikwa na mtu anayemjua. Baba, kwa kukosa pa kujificha, akalilaza chini, akapiga magoti, akalipapasa. Lilikuwa na mabonde mawili, moja la kina, jingine la juujuu. Fundi yeyote huliondoa bonde la kina akabakisha upande uliosalimika, na Baba akachora chaki penye bonde hilo la kina.

Yule mama akachuchumaa, akaugusa mkono wake.

"Hapo ni kwake, baba. Kata kwangu. Nitalala kwake."

Baba akabaki na chaki. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya binti yake na mgeni, na hakuyafuta. Alichofuta ni mstari, kwa kiganja. Akachora mwingine upande wa pili, akashika mkasi, na kitambaa kikaanza kulia. Sufi ikafumka, ikajaa chumba kizima hadi watu wakaonekana kama wamo ndani ya wingu.

Ndani ya wingu hilo Kaka akaingia, na mwenye duka la dawa nyuma yake ameshika tepu ya kupimia. Kaka alimwona baba yake amepiga magoti, uso umelowa, mikono inakwenda kama ya kijana. Akayaona magodoro yaliyosubiri ukutani. Kisha akamgeukia mwenzake akamwomba radhi, akamwambia chumba hiki kina mtu. Akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili, akashika ncha ya godoro ili lisicheze.

Baba, bila kuinua kichwa, akamwambia avute zaidi.