Alama ya Penseli Chumba cha Juu

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye theluji nyuma ya nyumba ya akina Ouellette, nikikwangua barafu kwa kadi yangu ya maktaba. Chini ya barafu hiyo kulikuwa na kibandiko cha pampu ya joto, na kwenye kibandiko kulikuwa na namba niliyoitaka. Fundi aliiandika kwenye risiti, lakini kahawa ilimwagikia nusu yake. Pampu ilinguruma taratibu na kunipulizia baridi usoni. Ndiyo kazi yake: huokota joto dogo lililoko nje na kuliingiza ndani, na aliye nje hupata kinachobaki.

Verna alifungua mlango wa jikoni akauliza kama nimeipata, au alete birika. Nikamwomba asithubutu kumwagia maji ya moto mashine ya dola elfu saba.

"Basi fanya haraka, Normand," akasema. "Ukigandia hapo itabidi nikuandike kwenye fomu kama mtegemezi wangu."

Niliziandika tarakimu moja moja kwenye daftari, kisha nikazisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nimejizoesha hivyo, kwa sababu mambo ya kodi sikuyasomea popote. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi. Nilipostaafu nilianza kusoma vijitabu vya kodi, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikafaulu mtihani wa watu wanaojitolea. Huu ni mwaka wangu wa sita kuwajazia watu fomu bure pale maktaba, Jumanne na Jumamosi. Akina Ouellette nawafuata nyumbani tangu mapafu ya Lucien, mume wa Verna, yaliposhindwa kuvumilia hewa ya baridi.

Lucien alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, blanketi hadi kifuani, chini kabisa ya kile kisanduku cheupe ukutani kinachopuliza joto.

"Waziri wa Fedha ameingia," akasema bila kufumbua macho. "Verna, ficha sukari."

Nilivua viatu, nikaketi kwenye meza ya jikoni na kufungua kompyuta. Verna alikuwa akipika chapati za ngano nyeusi, na aliniwekea mbili na siagi kabla sijaomba.

Boila yao ya mafuta, iliyokuwa ikipasha nyumba joto, ilikufa kiangazi kilichopita. Jiko la kuni daktari alishalikataza, kwa ajili ya moshi. Wakanunua pampu, lakini pesa ilitosha kwa kisanduku kimoja tu, cha sebuleni. Cha pili, cha chumba cha juu, kingegharimu dola elfu mbili na kidogo. Ruzuku ya jimbo ilikuwa imeshakatwa kwenye bei ya kwanza, na hutolewa mara moja kwa nyumba. Kuchomeka hita ya umeme juu hakuwezekani. Waya za huko ni za zamani, na walipojaribu, nyumba nzima ilizimika. Kitanda nacho hakishuki. Baba yake Lucien alikiundia humo humo chumbani, na ngazi ni nyembamba. Kwa hiyo tangu Novemba Lucien analala kwenye kiti, na Verna analala juu peke yake, amevaa kofia ya sufu. Wameoana miaka hamsini na mmoja.

Mwezi Oktoba Lucien alipanda ngazi akipumzika mara tatu, akapima ukuta wa chumbani, akachora msalaba kwa penseli pale kisanduku cha pili kitakapokaa. Chini yake akaandika: hapa. Dola elfu mbili za kukinunulia zingetoka kwenye nafuu ya kodi ambayo serikali ilikuwa ikiwapa waliobadilisha mitambo ya joto. Aliyewaambia habari za nafuu hiyo ni mimi. Ilikuwa Julai, kwenye chakula cha maharage cha parokia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipata mwaka uliotangulia.

Niliingiza namba ya pampu. Nikaingiza bei na tarehe. Fomu ikapiga hesabu yake na kuandika elfu mbili, nami nikakata kipande cha chapati. Kisha ikashuka kwenye mstari unaofuata, ule unaolinganisha nafuu na kodi ambayo mtu anadaiwa, na kuchukua iliyo ndogo.

Ikaandika sifuri.

Nilirudi mwanzo. Niliangalia pensheni ya Lucien, malipo yao ya uzeeni, riba ya benki, ambayo ilikuwa dola kumi na moja. Nilifuta kila kitu nikaingiza upya, polepole. Sifuri ikarudi pale pale. Kanuni hiyo naijua. Nimewaeleza watu wengine pale maktaba. Lakini Julai ile, sahani ya maharage mkononi, sikuwaza kwamba akina Ouellette hawadaiwi kodi. Na kwa miaka sita, anayeandika sifuri hiyo kwenye fomu yao ni mimi.

Verna alikuja kusimama nyuma yangu, akifuta mikono kwa aproni. Aliiona.

"Sifuri tena," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Hatudaiwi hata senti. Kama kawaida yetu."

Nilimwomba akae. Akaniambia nisimtishe, lakini akavuta kiti.

"Ile nafuu hupunguza kodi mnayodaiwa," nikasema. "Nyinyi hamdaiwi. Hakuna cha kupunguza."

"Sawa. Basi wanatupa yote."

"Hapana, Verna. Hawatoi kitu."

Alitazama kompyuta, kisha kikaango, kisha kompyuta tena. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mwenye kipato kikubwa angepata. Nikasema angepata. Akauliza kama wao wangeipata endapo wangekuwa wanadaiwa. Nikasema ndiyo.

"Wewe uliipata."

"Niliipata. Bado nilikuwa nafanya vibarua, nilikuwa na kodi."

"Uliniambia elfu mbili."

"Nilikuambia. Nilikosea."

Nilingoja anikasirikie. Badala yake aliinuka akageuza chapati iliyokuwa imeanza kuungua. Aliuliza kama nafuu hiyo inaweza kusubiri hadi mwakani. Hii haisubiri. Aliuliza kama zipo akiba wangeweza kuzitoa sasa ili wadaiwe kodi kidogo. Lucien anayo akiba ya uzeeni ya kiwandani, na laiti wangeichota kabla ya Desemba kuisha, hesabu ingekuwa nyingine. Lakini mwaka ule umeshafungwa. Nilimweleza yote hayo, na kila nilivyoeleza vizuri zaidi ndivyo nilivyozidi kumwacha bila pa kushika. Nilimwambia ningeweza kumchangia sehemu ya bei. Akatikisa kichwa kabla sijafika mwisho wa sentensi.

"Atajua," akasema. "Halafu hatakubali, na atakufukuza, na nani atatujazia fomu?"

Fomu inataka sahihi mbili, ya mke na ya mume. Niligeuza kompyuta kuelekea kwake. Alisoma jina lake pale chini, halafu la Lucien, akairudisha upande wangu bila kutia sahihi.

Kutoka sebuleni Lucien alikohoa, akangoja pumzi irudi.

"Bwana Waziri," akaita. "Mwambie fundi nimeshamwekea alama. Asije akatoboa ukuta wangu ovyo. Anakuja lini?"

Verna alinitazama. Hakutikisa kichwa wala hakukubali. Aliniachia mimi.

"Bado sijamaliza," nikasema.

"Siku nzima kwa namba moja?"

"Ilikuwa na barafu."

Alicheka hadi kikohozi kikamrudia. Verna alizima jiko, akajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, ile anayopanda nayo chumbani kupasha kitanda mapema, akaikaza kifuniko kwa nguvu zake zote.

"Njoo kesho saa nne umwambie," akaninong'oneza. "Atakuwa ameshakunywa dawa."

Niliihifadhi fomu ilivyo, mahali pa sahihi patupu, nikaenda mlangoni kutafuta viatu vyangu.