Mbegu Zote kwa Mvua Moja

Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga bonde letu la Mgeta, nilipanda mbegu zote za maharage. Mama alizoea kupanda nusu na kuitundika nusu nyingine juu ya meko, ingoje mvua ya pili.

"Mansuri, bakiza."

"Mama, huo ni woga wa bibi zetu. Tazama wingu lile!"

Nilikuwa na haraka. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na shamba letu lilikuwa limelala msimu mzima. Mjomba Mwinshehe, mkubwa wa ukoo, alishatuonya: likilala tena, atampa Semeni, binti wa mama mkubwa.

Maharage yaliota siku ya sita. Nikamghania Sunil shairi langu jipya: "Nimelipanda wingu, nitavuna mlima." Sunil, mwanafunzi kutoka Sri Lanka, alipanga chumba kwetu akipima mvua za milimani.

"Tamu," alisema. "Lakini sisi Wabudha tunasema, ukishika sana utaumia sana. Kila kitu kinapita."

"Kwenu kinapita, kaka. Kwetu kinakaa."

Likaja jua, siku ishirini na tatu mfululizo. Mfereji ukakauka. Nilipandisha ndoo kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka. Nikajaribu kuokoa matuta mawili tu, nayo yakafa.

Ndipo mvua ya pili ikanyesha, tulivu, ya kupandia. Wanawake wote walitoka na mbegu zao. Mama alibaki mlangoni, mikono mitupu. Nani angemgawia mbegu siku kama ile?

Sunil akaketi kando yangu.

"Usiniambie kinapita," nikafoka.

"Sisemi. Shamba la mpunga la baba yangu liliingiwa na maji ya chumvi. Kila asubuhi najiambia limepita. Bado naumia."

Ijumaa, baada ya swala, mjomba alifika. Semeni alikuwa nyuma yake, jembe begani, macho chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbegu mmepanda wapi?"

Nilifungua kinywa. Mama akaniwahi.

"Nilizimaliza mimi, kaka, mvua ya kwanza. Mtoto alinikataza."

Mjomba akamgeukia. "Wewe, Mwanvita? Mtu mzima?"

Mama akainamisha kichwa. Nami, mtunga mashairi, sikutoa hata neno moja. Mjomba akamwonyesha Semeni shamba kwa kidole; Semeni akashuka, akaanza kung'oa mashina yangu makavu, akiyatupa mtoni.