Faida ya Kompyuta ya Mbaluka

Kanyiva aliingia kiwanda cha juisi ya maembe pale Kasikeu huku roho ikimchemka kuliko boila. Hapo ndipo Mbaluka, meneja wa mitambo, alipomfukuza kazi mwaka uliopita mbele ya watu kwa kuthubutu kupendekeza kompyuta ya kuongoza joto la boila. Kisha jamaa akainunua kompyuta ile ile na kujipigia kifua kuwa wazo ni lake. Sasa mwenye kiwanda, Mama Syombua, alikuwa amemkodi Kanyiva apime kama imeleta faida.

"Dada yangu, andika tu faida ni kubwa," Mbaluka alimnong'oneza, akichekacheka kama hawajawahi kukosana.

"Usijali. Nitasema yote."

Mkutanoni Kanyiva akasema bila kupepesa macho, "Mama, hii kompyuta ni nzuri sana. Januari matumizi ya mafuta ya boila yalipungua kwa robo. Februari faida yote ikayeyuka."

"Kwa nini?"

"Kompyuta huweka kumbukumbu kila inapozimwa. Januari hakuna aliyeigusa. Februari ilizimwa kila asubuhi, boila ikaongozwa kwa mkono, kwa sababu kuna mtu anajiona anaijua kazi kuishinda."

Mama Syombua akageuka polepole. "Mbaluka, Januari si ulikuwa likizo?"

Mbaluka akaanza kupangapanga karatasi zake mezani.

"Na hiyo likizo yako imebaki siku ngapi?" Mama akauliza.

Kanyiva akafunika laptopu yake. "Mama, ukitaka faida, mpe likizo ya maisha."